Spana ya Nusu Inchi

Januari 1998 nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na mvua za El Niño hazikuwa na habari na matokeo ya mtu. Tabora ya mchanga na miembe ilikuwa imelowa mpaka kwenye mizizi. Mjomba akasema kijana wa miaka 19 hawezi kushinda amekaa barazani akihesabu matone, akanipeleka kwa tajiri mmoja mwenye malori. Nikawa utingo.

Malori mengine ya tajiri yalikuwa yamelala uani. Njia za vijijini zilikuwa zimekatika, na kila lililojaribu lilirudi limevutwa na trekta. Lililobaki na heshima ni moja tu, Bedford MK, lori la jeshi la Mwingereza lililostaafishwa huko kwao likaja kuanza maisha mapya Unyamwezini. Tajiri alilipaka buluu, lakini kila lilipokwaruzwa na matawi kijani cha jeshi kilichungulia. Juu ya kabini palikuwa na tundu la duara lenye mfuniko. Zamani lilikuwa la mpiga bunduki. Sasa lilikuwa langu. Nasimama juu ya kiti, natoa kichwa nje, namwelekeza dereva wapi pana dimbwi na wapi pana kisiki.

Dereva alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kila mtu alimwita Afande, hata mkewe. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye kikohozi, na lile lori alikuwa akiliongelea kama mtu anavyomwongelea ng'ombe wake: linapenda hiki, halipendi kile.

Mimi nilikuwa nimeshajazwa maneno na vijana wa stendi kwamba gari la jeshi halikwami. Nikamwuliza siku ya kwanza, "Afande, hili lina nguvu kiasi gani?" Akanijibu bila kunitazama, "Farasi mia moja na ushei, bwana mdogo. Na wenyewe wamezeeka."

Nilidhani ananitania. Injini ya silinda sita, lita 5.4, imekaa katikati ya kabini kati yako na dereva, inakuunguza goti mchana kutwa, halafu nguvu za farasi mia moja na ushei? Pikapu ya siku hizi inazo zaidi ya hizo. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ubavu wa lile lori haukuwa kwenye injini, ulikuwa kwenye gia. Lilikuwa na gia nne za kawaida, na chini yake kisanduku kingine chenye gia kubwa na gia ndogo. Ukiingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, na gia ndogo, injini inapiga kelele kama inataka kutoka mahali pake huku lori likitembea mwendo wa bibi harusi. Ndivyo linavyopanda na kuvuta. Lakini hakuna cha bure: huo mwendo wa bibi harusi una gharama yake, na gharama yenyewe ni joto. Barabarani upepo unaingia mbele na kupoza rejeta. Ukiwa kwenye tope, gia ndogo, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, hakuna upepo. Ni feni peke yake inayopigania injini.

Jambo jingine ambalo vijana wa stendi hawakunieleza ni kwamba magurudumu manne yanayovuta si dawa ya kila kitu. Difu za lori letu, zile gia za ekseli zinazogawa mzunguko kwa gurudumu la kushoto na la kulia, hazikuwa na loki ya kuyafunga yazunguke pamoja. Gurudumu moja likikosa mshiko, difu inalipa hilo hilo mzunguko wote na mwenzake anasimama kumwangalia. Nimeona lori lenye fowili limesimama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka kama cherehani, mawili mengine yametulia kama hayahusiki.

Injini ile, kwa taarifa yenu, iliundwa iweze kunywa mafuta ya aina mbalimbali, si dizeli tu. Tajiri alipolisikia hilo macho yalimng'aa, akataka tuchanganye mafuta ya taa. Afande alikataa katakata. "Bosi, itawaka, lakini haitavuta. Mwanajeshi anakula mizizi vitani, hiyo haina maana umpe mizizi kila siku."

Safari yenyewe ilikuwa ya mbolea. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, ng'ambo ya Ulyankulu, kilikuwa kimechelewa kupata CAN, mbolea ya kukuzia, na tumbaku haisubiri. Imeshapandwa, imeshashika, inataka kulishwa. Ukichelewa wiki tatu unavuna majani ya kufungia vitumbua. Tajiri akapokea kazi kwa bei nzuri na sharti moja: mifuko 120 kwa safari moja.

Mfuko mmoja kilo 50. Fanya hesabu. Tani 6, kwenye lori la tani 4.

Afande aliifanya hesabu hiyo pale pale ghalani, kwa sauti. Tajiri akacheka. "Hili la jeshi, Afande. Isuzu yangu ndogo inabeba tano!" Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jeshi huhesabu mzigo tofauti na wafanyabiashara. Lori la Marekani la M35, lenye magurudumu ya kuvuta kwenye ekseli zote tatu, liliandikiwa tani 2.5 porini, ingawa barabarani lilibeba 5. ZIL-157 la Mrusi nalo ni hivyo hivyo, 4.5 kwenye lami na 2.5 kwenye matope, na hilo lilikuwa na mtambo wa dereva kupunguza na kujaza upepo wa matairi akiwa kitini. Yaani wenye magari yao, waliokuwa na kila sababu ya kujisifu, waliandika namba ndogo. Sisi tukaandika 120.

Tulitoka alfajiri. Mpaka saa nne mambo yalikuwa mazuri, mchanga umeshikana kwa mvua, lori linaguna tu. Kisha tukafika kwenye kijito ambacho kiangazi huwa ni mchanga mtupu. Siku hiyo kilikuwa na maji ya kiunoni. Afande alivua viatu, akaingia na fimbo, akapima huku na huku, akarudi.

"Legeza dainamo, toa mkanda wa feni."

Nikashangaa. Akanieleza kwa ufupi: feni ikiingia majini inazunguka, inamwagia maji injini nzima, na mapanga yake yanaweza kupinda mbele yakachana rejeta. Ila mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo tunavuka, tunasimama, tunaurudisha. Dakika chache, si zaidi.

Tukavuka vizuri. Nilikuwa nimetoa kichwa kwenye tundu, maji yanagawanyika mbele yetu, najiona jemadari. Ng'ambo Afande akaenda kando kukohoa na kuwasha sigara, mimi nikarudisha mkanda.

Sasa hapa nataka niseme polepole. Nati za lori lile zilikuwa za Kiingereza, za inchi. Nati ya dainamo, ambayo ukiivuta dainamo na kuikaza ndiyo inayoushikilia mkanda, ilikuwa nusu inchi. Spana ya nusu inchi ilikuwa chini kabisa ya sanduku, chini ya jeki, chini ya cheni, na mkononi nilikuwa na spana ya milimita 13. Zinakaribiana. Kumi na tatu ni kubwa kidogo, unywele tu. Nikauvuta mkanda, nikakaza, spana ikateleza. Nikakaza tena, ikateleza, kona za nati zikaanza kulika. Nikauminya mkanda kwa kidole. Ulibonyea kuliko ilivyotakiwa. Nikajiambia utakuwa sawa.

Baada ya saa moja tukaingia mbuga. Msomaji wa mjini asidhani naongelea simba. Kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, na masika unavimba na kunata. Tairi linajaa udongo kwenye meno yote mpaka linakuwa laini kama chapati. Afande akapunguza upepo wa matairi, akaingiza fowili, gia ndogo, akaenda bila kusimama. Kwenye mbuga ukisimama umekwisha.

Katikati nikasikia mlio, kama ndege anayebanwa koo. Nikadhani ni tope kwenye breki. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Afande aliutazama mara moja, mara ya pili, na huku hawezi kuachia mafuta kwa kuwa tani sita ziko mgongoni. Kisha mvuke ukatoka pembeni ya mfuniko wa injini, pale pale gotini kwangu, na nguvu ikaisha. Lori likazama taratibu upande wa kushoto, kama mtu anayekaa kitako baada ya msiba.

Nikakimbilia ndoo. Nilikuwa nimeshachota maji ya mbuga nikielekea kwenye rejeta aliponishika mkono.

"Unataka kuua? Chuma cha moto na maji baridi, kichwa cha injini kinapasuka. Na ukifungua mfuniko wa rejeta sasa hivi, utaondoka bila uso."

Tukakaa karibu saa nzima kwenye mvua, tunasikiliza injini ikilia tik, tik, ikipoa. Ilipotulia alifungua. Kwanza akanionyesha rejeta: matundu yake yalikuwa yamejaa mbegu za majani za tangu kiangazi, zimegandishwa na tope, hewa itapitia wapi. Nikaanza kuzichokoa moja moja kwa kijiti cha ufagio. Yeye akapeleka mkono kwenye mkanda. Akaubonyeza kwa dole gumba. Ukashuka, ukashuka, karibu uguse upande wa pili. Akatazama ile nati iliyolika kona. Akanitazama mimi.

Hakusema neno. Alifukua sanduku mpaka chini, akatoa spana ya nusu inchi, akaniwekea kiganjani.

Jioni watu wa kijijini walikuja. Wengine Wanyamwezi, wengine Warundi wa makazi ya Ulyankulu walioingia nchini 1972. Walishusha mifuko yote 120 wakaibeba kichwani hadi mchanga mgumu, mzee mmoja akipiga kelele kwamba babu zake walibeba meno ya tembo mpaka pwani, mbolea ni nini. Tukakata matawi ya mitundu tukayatandika chini ya magurudumu. Lori likiwa tupu, tani tano na ushei, lilitoka lenyewe kwa gia ya kwanza bila kujivuna wala kulalamika.

Tuliporudi Tabora, tajiri alikuwa anasubiri mlangoni, amekasirika. Siku mbili zaidi, dizeli zaidi. "Nini kilitokea?"

Nikatazama miguu yangu. Afande akakohoa. "Ulitupakia sita, bosi. Lori ni la nne."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo sikuweza hata kumshukuru.

Wiki iliyofuata tajiri alipakia mifuko 110. Afande akaihesabu yote, akatia sahihi, akaniambia nikaangalie mkanda.