Nilivyopata bastola ya kiunoni hapa Houston, na ushauri wote nilioutupa

Hapa Houston ukitamka tu kwamba unataka kununua bastola, kinyozi anazima mashine. Kila aliyekaa kusubiri zamu ana jina la bastola mdomoni, na kila mmoja ana sababu ya kukwambia kwamba ya mwenzake ni chuma chakavu. Mimi nafunga duka la simu usiku, natoka na mauzo ya siku, gari naliegesha nyuma ya jengo ambako taa huwaka inapojisikia. Nilitaka jibu, nikapewa mabishano.

Ushauri ulioshinda kura ulikuwa huu: "Kaka, wewe mwembamba. Chukua kidude cha mfukoni, utasahau kama unacho." Nikachukua kidude cha mfukoni. Cha mitumba, cha risasi fupi ziitwazo .380, dola mia mbili na kitu. Jina lake nalihifadhi, maana mkononi mwa mwingine pengine kinafanya kazi vizuri.

Mkononi mwangu hakikufanya. Mpini wake ulikuwa mfupi hivi kwamba kidole kidogo kilibaki kinaning'inia hewani, hakina pa kushika. Risasi ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikagoma. Nikaangalia: ganda tupu limesimama wima, limebanwa na slaidi (ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele), linanitazama. Nikalitoa, nikaendelea. Tena. Watu wanadhani bastola ndogo inapiga teke dogo. Ni kinyume. Bastola ikiwa nyepesi hakuna uzito wa kulimeza lile teke, linaishia lote kwenye kiganja. Nilipomaliza boksi moja nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua, na karatasi ya shabaha ilikuwa na matundu kila mahali isipokuwa katikati.

Mwalimu wa pale kwenye uwanja wa shabaha, mama mmoja askari mstaafu, akaja taratibu akaomba ajaribu yeye. Akajaza magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akapiga zote bila kukwama hata moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akanieleza kitu ambacho pale kinyozi hakuna aliyewahi kukigusa. Bastola hizi zinajilisha zenyewe kwa nguvu ya lile teke: risasi ikitoka, slaidi inarudi nyuma, inatema ganda, inarudi mbele imebeba risasi mpya. Ili slaidi irudi hadi mwisho, kiunzi, yaani mwili wa chini wenye mpini, lazima kishikiliwe kisiondoke nayo. Ukilegeza kifundo cha mkono, kiunzi kinaifuata slaidi, nguvu inapotea njiani, ganda linakwama. Na kwenye bastola ndogo kabisa slaidi ni fupi, springi ni ngumu, hakuna pa kusameheana.

Hadithi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Nilikuwa na boksi la risasi zile zenye tundu puani, ambazo ndizo za kujilinda hasa, kwa sababu zikiingia mwilini zinachanua na uwezekano wa kutokea upande wa pili kumpata asiyehusika unapungua. Nikampa nazo. Ya kwanza ikapanda vizuri, ya pili ikanasa pua kwenye mdomo wa chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Kwake yeye! Kwa mikono ile ile iliyonidhalilisha dakika tano kabla! Nilifurahi kama nimeshinda kesi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "bastola yangu haijawahi kukwama", muulize kwanza: kwa risasi gani, kwa magazini ipi, na mikononi mwa nani. Risasi za bei poa za mazoezi, zenye pua ya mviringo, hupita karibu kila mahali. Usiku ukifika hutabeba hizo.

Baada ya pale nikaacha kununua na kuanza kukodi. Sijui kwa nini watu hawasemi hili. Viwanja vingi vya shabaha hapa Texas vina kabati la bastola za kukodi; unalipa kama dola ishirini za nafasi ya kupigia, kumi na tano hivi za kukodi, risasi unanunua pale pale, na wengi wanakuruhusu kubadilisha bastola siku hiyo hiyo. Nilikuwa nachukua boksi moja na bastola tatu. SIG P365 ilinishangaza, ndogo lakini inabeba risasi 10 kwenye magazini. Ilipotoka mwaka 2018 iliwafanya wenye viwanda vingine wakimbie kurudi mezani. Shield ya Smith & Wesson ni nyembamba na haina makuu. Lakini niliposhika Glock 19 vidole vyote vitano vikapata kazi.

Pale kinyozi ikawa kelele. Glock 19! Mwili ule! Hiyo ya askari, hiyo ya kuvaa na koti la baridi, na Houston koti la baridi utalivaa lini? Mwenye kujua zaidi akanifundisha kwamba ile ni Glock 17 iliyokatwa. Kweli imekatwa, na ndiyo maana yake: Glock 17 ilitoka Austria mwaka 1982 kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1988 wakaifupisha mtutu na mpini ikawa 19, inabeba risasi 15 za milimita 9. Si ya mfukoni, si ya begani. Ni ya kati. Ikijaa inafika gramu 850 hivi, na uzito huo ndio ulionifanya niache kufumba macho. Mpya nililipa mia tano na kitu, pamoja na kodi ya jimbo.

Fomu ya serikali ya taifa unayojaza dukani, namba 4473, haina shida kama huna la kuficha. Wenye kadi ya kijani wananunua kama raia, unaandika namba yako ya uhamiaji basi. Wenzetu walio hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya nchi nzima inawakataza isipokuwa kwa vighairi vichache, msijaribu. Na anayevuta bangi, hata kama anatoka jimbo ilikoruhusiwa, fomu inamuuliza na sheria ya taifa haimtambui huyo ndugu.

Sasa kuficha. Nilipovaa mara ya kwanza nyumbani mke wangu alisema, "Baba Salma, una jipu kiunoni?" Mkanda wangu ulikuwa wa ngozi laini wa kuendea arusini, ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, ilikuwa ya kitambaa ya dola kumi na tano. Bastola ikaegemea nje, suruali ikashuka. Hapo ndipo wenye ushauri wote wanapokimbilia kununua bastola ndogo zaidi. Mimi nikanunua mkanda. Mkanda mgumu, uliotiwa plastiki ngumu katikati, wa dola hamsini au sitini, na ala ya plastiki ngumu inayovaliwa ndani ya suruali, yenye kibawa kidogo pembeni kinachosukumwa na mkanda na kuugandamiza mpini uingie kwenye ubavu. Kinachoonekana kwenye nguo si mtutu, mtutu umezama ndani ya suruali. Ni mpini. Ukiulaza mpini ubavuni umemaliza. Na ala lazima ifunike kifyatuo chote, maana Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba; ile ala ya kitambaa ilikuwa inabonyea pale pale kwenye kifyatuo, nikaitupa jalalani bila kumgawia mtu.

Nikaja na jaribio langu mwenyewe, ambalo sijaliona kwa mwalimu yeyote, nikaliita jaribio la rakaa mbili. Wamarekani wanakwambia jitazame kwenye kioo, inama, nyoosha mkono juu. Mimi nikasema hakuna mwendo unaomfunua mtu kama sala. Nikatoa magazini, nikavuta slaidi, nikachungulia chemba na kuingiza kidole kuhakikisha hamna kitu, risasi zote nikaziacha chumba kingine, nikavaa bastola tupu, mke akakaa nyuma yangu kwenye kiti kama msimamizi wa mtihani. Kusimama, safi. Rukuu: shati likapanda, mpini ukachomoza nyuma. "Inaonekana," akasema. Nikaihamishia mbele, karibu na kitovu, kama vijana wanavyovaa. Rukuu ikapita. Sujudi, mtutu ukanichoma kinena hadi nikatoa sauti, naye akacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Isitoshe sipendi mtutu uelekee huko unakoelekea, hata ukiwa mtupu. Tukaendelea hivyo jioni kadhaa. Mwisho tukakubaliana: upande wa kulia, nyuma kidogo tu ya mfupa wa nyonga, ala imelazwa mbele kwa pembe kidogo. Rukuu, sujudi, kikao cha tahiyatu, kuingia garini, kumbeba mtoto, vyote vikapita.

Msikitini kwenyewe sivai. Mlangoni pametundikwa tangazo la kukataza silaha, na mahali pakishatundika tangazo la kisheria hakuna mjadala. Inabaki kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya chini ya kiti cha gari, nakifunga kabla sijafika, sio pale maegeshoni watu wakitazama.

Nguo: fulana nyeupe za kubana zisahauni. Shati la kitenge la mikono mifupi, la maua makubwa, usilichomekee. Maua yanalichanganya jicho, mkunjo wa mpini unapotelea humo. Nina mashati sita ya Kariakoo yaliyokuwa yamelala sandukuni tangu harusi ya mdogo wangu. Sasa wateja wananisifu napendeza. Kinyozi ameniona ninayo mara nyingi bila kujua, na bado anasema 19 haiwezekani kufichwa.

Nilipoanza kuipigia shabaha, kabla ya kuibeba, ilinizingua kidogo. Slaidi inatakiwa ibaki nyuma risasi ya mwisho ikitoka, ikuonyeshe magazini imeisha. Mara inabaki, mara haibaki, inarudi mbele kama bado kuna kitu. Nikaanza kuambiwa nibadilishe springi, nibadilishe kifyatuo, niipeleke kwa fundi. Nikachukua rangi ya kucha ya mke, nyekundu, nikatia nukta chini ya kila magazini: moja, mbili, tatu, nne. Kila ikigoma naangalia nukta. Ikawa tatu. Ikawa tatu tena. Tatu ilikuwa ile ya bei rahisi niliyoiokota kwenye maonyesho ya silaha, si ya kiwandani, mdomo wake umepanuka kidogo ukiulinganisha na wenzake. Nikaiponda kwa nyundo isije ikajichanganya, na bastola ikatulia. Fundi angenichukua mia na hamsini kunifundisha kutia nukta.

Sikuibeba kabla haijala risasi kama mia mbili hivi bila kukwama, na kati ya hizo maboksi mawili ya zile za tundu puani, zile zile ninazobeba, za kampuni ile ile na uzito ule ule. Hizo ni ghali, boksi la ishirini ni kama dola ishirini na tano, roho inauma kuzichoma kwenye karatasi. Zichomeni tu. Na joto la hapa, kuanzia Mei jasho linafika kwenye chuma; mimi napangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta kila Jumapili, kwenye vilengeo na vichwa vya skrubu ndiko kutu inakoanzia. Mafuta mengi nayo yanaokota nyuzi za nguo. Tone.

Leseni: tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa na sheria anabeba bila leseni. Mimi nikaichukua hivyo hivyo. Ada ya jimbo ni dola 40, ukiacha ya darasa, na majimbo mengine yanaitambua, kwa mfano nikienda kwa shemeji Louisiana. Mtihani wa kupiga ni risasi 50, kwa yadi 3, 7 na 15, unatakiwa upate 175 kati ya 250. Nilipata zaidi ya 240, nasema bila aibu. Jirani yangu siku hiyo alikuja na kidude cha mfukoni. Kwenye yadi 15 nilimsikia akishusha pumzi kabla ya kila risasi. Na baa zenye bango jekundu la asilimia 51, yaani zile ambazo mapato yake zaidi ni ya pombe inayonywewa pale pale, hamuingii nayo, kwa leseni wala bila leseni, hata kama umefuata soda.

Nyumbani inalala kwenye kasha la namba kichwani pa kitanda. Hapa silaha ikimfikia mtoto wa chini ya miaka 17 kwa uzembe wako, kesi ni yako.

Tangu niwaeleze haya ndugu wawili watatu wamenipigia: "Kaka, wewe una leseni, ninunulie na mimi, pesa nakutumia." Hapana. Kununua kwa jina lako bastola ya mtu mwingine ni kosa la shirikisho, na swali lenyewe lipo juu kabisa kwenye ile fomu, ukiweka tiki ya uongo umejifunga mwenyewe. Njooni Jumamosi tukodi, nalipia nafasi ya kupigia, risasi mnajinunulia.