Jinsi tulivyotafuta ardhi ya kuhamia baada ya mafuriko ya Msimbazi

Mafuriko ya Desemba 2011 yalinikuta Kigogo, jijini Dar es Salaam, kwenye chumba cha kupanga kilichokuwa karibu mno na Mto Msimbazi. Tulitoka salama, lakini cherehani yangu na madaftari ya watoto vilikwenda na tope. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande. Mimi, niliyekuwa mpangaji, sikupata. Kaya 18 za kikundi chetu cha kuweka na kukopa zikaamua kununua ardhi kwa pamoja, nami nikachaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kuitafuta.

Nusura tuanze kwa kosa. Mwezi wa Septemba dalali alituonyesha eneo karibu na Mto Mzinga, kavu, tambarare, bei nafuu, na wenzangu walikuwa tayari kutoa malipo ya awali. Mzee mmoja aliyekuwa akilima mchicha jirani aliniita kando, akaweka kiganja kwenye shina la mnazi usawa wa kifua changu, akasema, "Mwanangu, mvua za El Nino maji yalifika hapa. Rudini wakati wa masika." Tulirudi Aprili. Matete yalikuwa yameota pale tulipopanga kujenga, na shimo tulilochimba kwa majaribio lilianza kujaa lenyewe kabla hatujamimina hata ndoo moja. Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba hatutalipia ardhi yoyote ambayo hatujaiona ikinyeshewa.

Afisa mipango miji alitueleza kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilichojifunza kwa macho yangu ni kwamba penye bonde pana na tambarare, mita 60 hazitoshi hata kidogo.

Eneo la pili, upande wa Kisarawe, lilikuwa mlimani, lenye upepo mzuri, lakini wachimba mchanga walikuwa wamelikata chini na makorongo yalikuwa yanapanda kuelekea juu, kwa hiyo tuliliacha siku hiyo hiyo.

La tatu lilikuwa Chanika ndani, nalo ndilo lililotupa kazi kubwa ya kufikiri. Mteremko wake ulikuwa wa wastani na udongo wa kichanga; shimo la mita moja tulilolijaza maji jioni lilikuwa limekauka kufikia asubuhi, jambo lililotuhakikishia kuwa vyoo havitafurika. Kwa usalama wa ardhi, hatukuona mahali bora zaidi. Hata hivyo, niliposafiri mwenyewe alfajiri hadi Kariakoo kwa daladala mbili na kuandika muda na nauli, mama mmoja muuza samaki aliangalia hesabu yangu akasema, "Katibu, hapo nitakuwa nalala Kigogo kwa dada yangu, kwangu nirudi Jumapili." Maneno hayo yalinikosesha usingizi, kwa sababu kama ardhi salama inamrudisha mtu kulala bondeni siku sita kwa wiki, basi hatujamhamisha.

Mwishowe tulinunua ekari 2 karibu na Pugu Kajiungeni, ambako si mbali na mjini kama Chanika, kwa bei kubwa zaidi na viwanja vidogo vya wastani wa mita za mraba 300. Kabla ya kusaini hati ya mauziano tulikwenda halmashauri kuangalia mchoro wa mipango miji, tukakuta kipande cha upande mmoja kimepangiwa barabara. Muuzaji alikubali kukiondoa kwenye mauzo. Majirani walituonyesha mkondo ambao maji ya mvua hufuata, na tukamwomba mpimaji auache wazi, upana wa mita 4, ingawa kufanya hivyo kulipunguza kila kiwanja.

Masika ya kwanza mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha nilikuta akina mama wamesimama kandokando ya mkondo ule, wakiyatazama maji yakipita, na vizingiti vya nyumba zote vikiwa vikavu.