Nilivyotafuta myuti ya tarumbeta isiyokaripia

Kondakta wetu (si wa daladala, huyu ni wa kushika fimbo mbele ya okestra) alisimamisha mazoezi mara tatu jioni moja, na mara zote tatu macho yake yalikuwa kwetu wapiga tarumbeta na myuti zetu, vile vizibo tulivyokuwa tumechomeka kwenye midomo ya tarumbeta. Mara ya kwanza alisema tupunguze. Mara ya pili, tupunguze tena. Mara ya tatu aliweka fimbo chini, akasema kwa Kijerumani cha polepole, nadhani kwa ajili yangu, kwamba tatizo si ukubwa wa sauti bali ukali wake. Alitaka "joto". Nikabaki na neno hilo kama mtu aliyerudishiwa chenji ya nchi nyingine.

Mimi ni mtoto wa Machame. Tarumbeta niliishika nikiwa darasa la sita, kwenye kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu. Siku hizi naishi Leipzig, na kila Jumatano jioni napiga tarumbeta ya tatu katika okestra ya watu wa ridhaa: walimu, wauguzi, fundi bomba mmoja na mimi. Jina la mji huu si geni kwa watu wa mlimani. Wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, na desturi ya kumsifu Mungu kwa tarumbeta tumeirithi kwa Walutheri wa Ujerumani. Ila tuliyoikuza sisi ni tarumbeta ya nje. Alfajiri ya Pasaka unapiga kuelekea migombani, watu wanaamka. Msibani unapiga kando ya kaburi, upepo unabeba. Hakuna aliyewahi kuniambia niizibe. Kuhusu sauti, mwalimu wetu alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka tukawa tunaiota: "Usimkaripie mtu. Mwite."

Tulikuwa tunafanyia mazoezi Fêtes ya Debussy, mtunzi wa Kifaransa, sehemu ya pili ya kazi yake ya okestra iitwayo Nocturnes, iliyosikika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1900. Katikati yake shamrashamra zote hukatika ghafla. Zinabaki besi zinazodonolewa kwa vidole, vinubi na timpani, yaani ngoma kubwa za okestra, chini kabisa, kama nyayo za watu walio mbali. Kisha zinaingia tarumbeta tatu, zote na myuti, zote kwa sauti ndogo mno. Ni maandamano yanayokuja kutoka ng'ambo ya bonde. Hapo huna pa kujificha, kwa sababu okestra nzima imenyamaza ikikusikiliza.

Kwa asiyeijua, myuti ni kizibo kinachochomekwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Ile ya kawaida, iliyonyooka, ina umbo kama pia ya watoto. Shingoni ina vipande vitatu vya koki, ileile ya vizibo vya mvinyo, vinavyoishikilia na kuacha upenyo wa hewa pembeni. Mtunzi akiandika con sordino, Kiitaliano cha "na myuti", bila maelezo zaidi, kwa kawaida anataka hiyo. Nilikuwa nadhani kazi yake ni kupunguza sauti tu. Inapunguza, lakini kwa upendeleo: sauti za chini inazibana, za juu inaziachia zipite. Ndiyo maana tarumbeta yenye myuti, hata ukiipuliza kwa upole, inaweza kuchoma kama nyigu. Kumbe nilikuwa naombwa nirudishe kitu ambacho kifaa chenyewe kimetengenezwa kukiondoa.

Yangu ilikuwa ya alumini tupu. Niliinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani siku hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la haraka. Nilisikia kwamba myuti ya kikombe, ambayo kitako chake kina bakuli linaloelekea kwenye mdomo wa tarumbeta, ina sauti laini, nikaazima moja. Laini ilikuwa laini kweli, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Zile noti fupifupi za maandamano zikayeyuka. Mzee wa tarumbeta ya kwanza, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliinama akaninong'oneza: "Watu wako wanaandamana na slipa za chumbani."

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nikanunua myuti ya alumini yenye kitako cha shaba nyekundu, kwa kuwa kila niliyemuuliza aliniambia shaba nyekundu ndiyo dawa. Nyumbani nilifurahi sana. Pale nyuma ya tarumbeta, masikio yangu yalipo, sauti ilikuwa nene, imetulia. Jumatano nikaenda nayo kifua mbele. Kondakta akasimamisha palepale.

Usiku ule nilimpigia simu mwalimu wangu Machame.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Baridi ya huko haijakumaliza?"

Nikamweleza habari yote ya myuti. Akakaa kimya, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Umevuka bahari kwenda kuziba tarumbeta?" Nikamtumia rekodi mbili, moja ya alumini na moja ya kitako cha shaba. Akasikiliza kwenye simu yake ndogo, akasema zote ni mbu. Nikajitetea kwamba spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini. "Sawa," akasema, "lakini hata wewe umeweka simu puani mwa tarumbeta. Anayeitwa yuko wapi?"

Nilijisikia mjinga, maana hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa alilotufundisha. Enzi zile alikuwa anamtuma mtoto mmoja akasimame kule mtoni, sisi tunapiga, kisha anamngoja apande kilima aje aseme alichosikia. Mimi nilikuwa nimenunua myuti kwa kujisikiliza mwenyewe.

Kabla ya kufanya jaribio la maana nilitaka kupata aina nyingine za kulinganisha. Jumamosi nikashika treni, kisha basi, hadi Markneukirchen, mji mdogo wa Vogtland kusini mwa Saxony. Watu wa huko wanaishi kwa kutengeneza ala: chama cha mafundi wa fidla kilianzishwa mwaka 1677, na vyombo vya kupuliza navyo vina historia ndefu. Unatembea mtaani, unasikia mtu dirishani anajaribu noti ileile mara ishirini. Fundi niliyemwendea hakunionyesha myuti yoyote mpaka nilipotoa tarumbeta yangu kwenye mfuko. Akaitazama mdomoni, akaichukua na ya kwake ya Kijerumani, ya vali za kuzunguka, akachomeka myuti moja kwenye zote mbili kwa zamu. Kwenye yake iliingia ndani zaidi kwa karibu upana wa kidole, kwa sababu koo lake limetanuka kuliko la tarumbeta yangu ya vali za kubonyeza. Myuti ileile, tarumbeta mbili, sauti mbili. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia myuti fulani, muulize kwanza anaichomeka wapi.

Niliondoka na mbili za kuazima: moja ya mbao, na moja ya kadibodi ngumu. Hiyo ya kadibodi ilikuwa ile nyekundu na nyeupe ya Humes & Berg wa Marekani, ambayo nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye picha za bendi za jazi na sikuwahi kuihusisha na Debussy hata siku moja.

Jaribio tulifanya kwenye ukumbi wa kanisa tunamofanyia mazoezi, saa moja kabla ya wenzetu kufika. Dada anayepiga tarumbeta ya pili alikaa safu ya nyuma kabisa, amenipa mgongo, ana karatasi na kalamu. Nilikuwa na myuti nne, na nilizipiga kwa kuchanganya mpangilio, kila moja mara mbili kwa sauti ndogo na mara mbili kwa nguvu, mstari uleule wa maandamano. Yeye aliandika neno moja tu kila nilipomaliza.

Karatasi yake ninayo mpaka leo. Kwa sauti ndogo, alumini tupu na ile ya kitako cha shaba alishindwa kuzitofautisha. Zote aliziandikia "kali", na mara moja shaba aliipa "kali zaidi". Kwa nguvu ndipo shaba ilipojitenga, ikawa na unene ambao alumini haina. Yaani pesa yangu haikupotea yote, ila nilinunua dawa ya ugonjwa mwingine. Ya mbao aliiandikia "nzuri, karibu". Ilikuwa nzuri kweli, lakini sisi tulitaka umbali, tena bei yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya kadibodi. Kwenye kadibodi, kwa sauti ndogo, aliandika "wanakuja". Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu bonde wala maandamano. Kwa nguvu aliiandikia "imechoka", na ni kweli: ukiisukuma sana hufika mahali haiongezeki tena, inakuwa butu. Pale tunapoingia sisi hapahitaji nguvu. Nikanunua ya kadibodi.

Haikutulia siku hiyohiyo. Koki zake zilikuwa nene, ikabaki imening'inia nje ya mdomo wa tarumbeta, na noti za juu zikawa zinavuma kama karatasi kwenye kitana. Dawa ni msasa, na hapo nina kovu: myuti yangu ya kwanza niliisugua kwa pupa nikiwa naangalia mpira, koki moja ikaliwa kuliko nyingine, ikawa inakaa upande na kutetemeka. Ilibidi niibandike kiraka. Safari hii nilizima televisheni. Msasa laini, kila koki nayo misuguo mitano kwa urefu wake, kisha unachomeka, unapiga noti ya juu, ya kati, ya chini, unachomoa, unarudia. Kadiri inavyozama ndivyo ule mvumo unavyopungua na sauti inavyotulia. Lakini ikizama kupita kiasi noti za chini zinakabwa, unapuliza kama unayejaza hewa gurudumu lenye pancha. Niliacha nilipohisi do ya chini imeanza kugoma kidogo. Koki uliyoisugua hairudi.

Myuti iliyonyooka huwa inapandisha tuni. Kwenye simu yangu nina programu ya kupimia, na sindano iliruka upande wa juu mara tu nilipochomeka. Navuta bomba kubwa la tuni nje milimita chache, nimeliwekea alama ya penseli, na lazima nikumbuke kulirudisha nikiitoa myuti. Kuna na jambo la kuishika isianguke. Kabla ya kuichomeka unahemea ndani ya mdomo wa tarumbeta, "haaa", kama unayesafisha miwani, kisha unaiingiza na kuizungusha robo mzunguko. Ule unyevu ndio unaoifunga. Mimi nilijifunza siku ile ya alumini ilipochomoka kwenye ukimya wa kabla ya kuingia, ikadunda kwenye sakafu ya mbao, ikabingirika mpaka miguuni mwa wapiga besi. Bado wananiita Sufuria.

Nilidhani nimemaliza. Jumatano nikapiga, na sauti yangu ikapotea. Wenzangu wawili walikuwa bado na alumini, na mstari wa tatu, ulio chini kuliko yote, ukamezwa. Debussy hapo hakuandika tarumbeta tatu zinazojibizana, ni kitu kimoja chenye midomo mitatu. Dada wa tarumbeta ya pili alinunua ya kwake wiki ileile, maana alikuwa ameisikia kutoka nyuma. Mzee wa tarumbeta ya kwanza aligoma. Alisema ametumia alumini tangu ujana na hatapiga na boksi la viatu. Sikubishana, kule kwetu mzee habishiwi mbele ya watu, na nimeona hata huku haisaidii. Wiki ya pili tulimwomba tu aje mapema, akae safu ya nyuma, atusikilize sisi wawili. Alikaa. Aliporudi jukwaani alinyoosha mkono bila neno, nikampa yangu, akaichomeka kwenye tarumbeta yake ya vali za kuzunguka, ikazama mpaka sauti ikakaribia kwisha. Ikabidi anunue yake, na safari hii kazi ikawa kinyume: badala ya msasa tukagundisha koki nene zaidi.

Jumatano iliyofuata kondakta alitupa ishara ya kuingia, tukaingia, hakusimamisha. Hakusema lolote pia, akaenda kuwasumbua wapiga fidla.

Rekodi ya tamasha niliichukua nikiwa nimemwachia mtu simu kwenye viti vya nyuma, nikamtumia mwalimu. Alijibu baada ya siku mbili, kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanasikika: "Nimesikia. Hawa wako mbali, lakini wanakuja. Sasa Krismasi ukija, hicho kizibo ukiache hukohuko."

Ya alumini nimeirudisha mfukoni, na kiraka chake cha koki. Msimu huu kuna kazi ambayo kondakta anataka tukate kama wembe, na mzee tayari ameshaanza kutabasamu.