Mkojo Ulikuwa Safi

Jana usiku kijana mmoja anayeniita kaka, ingawa kwa umri ningefaa kuwa mjomba wake, aliniandikia kwa furaha kwamba majibu yametoka na mkojo wake ni safi. Nilianza kumpongeza, kisha nikasita, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ulikuwa ule mwaka wa yule wa miwani. Alinipigia kunieleza kwamba amekutwa na kisonono, kwamba amekwisha kuchomwa sindano, na kwamba sasa ilikuwa zamu yangu kupimwa. Sikuwa na hofu kubwa. Kondomu tulikuwa tukitumia, tena na kilainishi cha maji, maana tulishajua kwamba mafuta ya kujipaka huudhoofisha mpira hadi ukapasuka. Kwa mdomo tu ndiko hatukuitumia, na sijakutana na wengi wanaoitumia huko, hata miongoni mwa wale wanaotuhubiria.

Ninachokikumbuka zaidi ni dakika chache za chumba cha daktari. Nilikuwa nimeshika kikopo cha mkojo ambacho bado kilikuwa na joto, sijui pa kukiweka, naye ameinamia fomu. "Mwenzi wako ana dalili zozote?" Nikajibu, "Hana tena." "Ametibiwa?" "Ametibiwa." Maswali manne matano yakapita hivyo, kila moja likibebwa na kile kiambishi cha a- ambacho katika lugha yetu hakimtengi mwanamume na mwanamke, nami nikajibanza nyuma yake kama mtoto nyuma ya pazia. Sikudanganya hata neno moja. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Mwambie asipuuze kurudi, kisonono kwa wanawake mara nyingi hakionyeshi dalili." Kalamu ikasimama. Pengine wino ulikuwa umegoma tu, lakini mimi nilihisi ananisubiri. Nikasema, "Nitamwambia, daktari." Akaitikisa kalamu, na kwenye mstari wa mwenzi nikamwona akiandika neno "mke".

Basi nikapimwa mkojo peke yake. Mkojo husema habari za njia ya mkojo. Habari za koo na za njia ya haja kubwa hauna, na huko ndiko kisonono huweza kukaa kimya, bila maumivu wala usaha. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyelipa madeni yake yote.

Wiki sita baadaye, mahali pengine, muuguzi mmoja wa makamo aliniuliza kwa sauti ile ile aliyoniulizia uzito, "Unalala na wanaume, wanawake, au wote?" na kabla sijapata pa kujificha akataka kujua ni sehemu zipi za mwili. Akachukua vipimo kwa vijiti vya pamba, kooni na nyuma, akatoa damu kwa ajili ya kaswende na virusi vya Ukimwi, akanianzishia na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hakuna aliyewahi kunitajia. Kisonono kilikuwa kooni. Nilichomwa sindano, nikarudi baada ya wiki mbili kupimwa tena, kwa kuwa kooni huwa kigumu kuondoka. Yule wa miwani alikuwa ameugua mara ya pili, na kwa hesabu ya siku ni mimi niliyemrudishia. Alinisamehe haraka mno, na afadhali angenitukana.

Mpaka leo sijui lawama niigawe vipi. Wako wanaume ambao jibu la kweli lingewafikisha pabaya kuliko kisonono, na siwezi kumwambia mtu afungue moyo wake bila kujua ni nani anayemsikiliza. Lakini ningeweza kusema tu, "Daktari, naomba na koo lipimwe," bila kumtaja mtu yeyote. Sikulijua hilo, au nililijua nikaona haya.

Nikaifuta ile pongezi, nikamwuliza kijana amepimwa wapi kwingine zaidi ya mkojo. Akajibu kwamba hakuna, daktari aliuliza tu habari za mwenzi wake, naye alijibu yote vizuri. "Kwani wewe ulipoulizwa, kaka, ulisemaje?"

Nikamwandikia, "Nilisema hana dalili."