Yule mama wa Mwaloni na macho mekundu

Leo asubuhi mwanangu ameamka jicho limegandana kwa tongotongo. Hata hajanawa, ananiuliza: "Mama, hii ni korona?" Nimemjibu kwamba macho mekundu yana sababu nyingi. Mawazo yakaenda moja kwa moja kwa yule mama wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza.

Ilikuwa Februari 2021, Kirumba nzima inanukia malimao na mkaratusi, kila nyumba wanapiga nyungu. Akaingia kliniki yetu ya macho, machozi yanamchuruzika. "Mwanangu, nyungu imeniunguza." Inawezekana kabisa: ukifumbua macho chini ya blanketi, mvuke wa moto unababua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na pilipili ikiwemo ndiyo balaa.

Nikaanza na konea. Kikaratasi cha rangi ya chungwa nikakilowesha kwa tone la maji safi ya chumvi, nikakigusisha ndani ya kope la chini, akapepesa, nikamulika kwa mwanga wa buluu. Palipochubuka huwaka kijani. Kwake hapakuwaka kitu. Nikavuta kope: utando wa ndani mwekundu, umejaa vipele vidogo vinavyong'aa kama punje za mtama mbichi. Machozi maji matupu, usaha hakuna. Nikambonyeza mbele ya sikio, akashtuka. Pale pana mtoki ambao mara nyingi huvimba jicho likishambuliwa na virusi.

"Harufu unasikia, mama?"

"Tangu juzi sisikii. Nimekalia magunia ya dagaa, hata shombo silipati."

Kirusi cha korona huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, nacho kipo pia kwenye utando unaofunika uso wa jicho. Isitoshe, machozi hushuka puani kwa mfereji mdogo, kwa hiyo mkono mchafu ukifikicha jicho umefika mbali. Li Wenliang wa Wuhan, aliyefariki Februari 2020, alikuwa daktari wa macho. Inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wake. Ndiyo maana tuliweka kinga ya plastiki kwenye mashine ya kupimia macho.

Kwenye pochi alikuwa na matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kauziwa bila cheti. Haya yananiuma mpaka leo. Wekundu unapungua, mtu anafurahi, kumbe kirusi kinakawia jichoni na presha ya jicho inaweza kupanda. Kama tatizo ni kirusi cha hepesi, konea inaweza kuharibika kabisa. Nikamwachisha. Nikampa machozi ya bandia, na kitambaa safi cha kukanda: maji yaliyochemshwa yakapoa, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kila jicho na kitambaa chake. Taulo asichangie na mtu, sokoni asiende. Uoni ukififia, maumivu yakizidi au kivuli kikitanda, arudi siku hiyohiyo, kwa sababu kwa wagonjwa wachache wa korona damu huganda kwenye mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Macho yalipona. Kipimo cha korona hakufanyiwa, kwa hiyo kwenye kadi niliandika "virusi" tu. Hadi leo sijui kama ningemtamkia lile neno angekaa nyumbani kwa utulivu zaidi, au angeogopa kunyanyapaliwa sokoni asirudi tena kliniki.