Wepesi wa kubadilika au mbio?

Programu yangu ya sataranji nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kila kete na klasi yake, yaani kifungu chake cha msimbo. Raha yake ni hii: binamu yangu wa Kibokoni akitaka farasi aruke tatu kwa moja badala ya mbili kwa moja, nabadilisha mstari mmoja tu, tunacheza. Lakini mbio haina, jamani! Toka mchezo kuanza, hatua nne za mbele, mbili kila upande, ni njia 197,281. Ya tano ni 4,865,609. Hapo kahawa yote imepoa na mashine bado yahesabu.

Wanaotaka kasi hutumia namba. Ubao una nyumba 64, prosesa za leo zinabeba namba ya biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, nafasi moja kwa kila nyumba, basi vitunda vyote vyeupe vinakaa ndani ya namba moja. Kuvisukuma mbele ni kuisogeza biti nane, vyote kwa mpigo. Stockfish, programu ya sataranji iliyoandikwa kwa lugha ya C++, huenda hivyo. Sasa mtu akuombe ubao wa 10 kwa 10, uone kazi!

Nimeamua kugawa: sataranji ya kawaida naihamishia C++, vituko vya binamu vibaki Python. Analalamika eti ameachwa upande wa polepole. Ni kweli, lakini mchezo wenyewe anaucheza nani zaidi yake?