Fundi wa Lamu anadai, nawe uko ughaibuni

Fundi anayekujengea nyumba kisiwani Lamu akidai pesa, usijibu dai lake kwa simu. Mwombe fundi aandike kazi aliyofanya, kipimo chake na bei, kisha mtume mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa kupima kazi na gharama za ujenzi) asiyemjua fundi akapime ukutani, si kwenye picha. Picha huficha mengi: plasta inaonekana imekauka kumbe mchanga ulitoka ufukweni, na chumvi itaibabua baada ya miezi michache.

Ugomvi mwingi wa Lamu huzaliwa na usafirishaji. Mawe na saruji hushuka jahazini, hubebwa na punda vichochoroni, na mkataba ulitaja bei ya dukani tu. Hapo fundi mara nyingi ana haki. Mlipe gharama hiyo kwa risiti. Kazi ya ziada uliyoikubali kwa sauti ya WhatsApp nayo ni deni, tena ujumbe huo utakugeukia kama ushahidi.

Lipa sehemu isiyobishaniwa mara moja, kwa maandishi yanayosema inalipia nini. Inayobaki ijadiliwe na mzee mnayemwamini wewe na fundi, na mwafaka utiwe saini.

Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Ndugu anaweza kukuwakilisha akiwa na idhini yako ya maandishi. Andaa mkataba, taarifa za M-Pesa na ripoti ya vipimo. Usimpe ndugu huyo pia kazi ya kushika pesa za ujenzi.